Mke Wangu, Mbwa Wetu na Kosa Langu

Msomaji mpendwa, je, nyumbani kwako mna mbwa? Basi kaa kidogo usome habari hii, kisha utoke uani ukamtazame.

Sisi tulikuwa na mbwa, jina lake Simba. Mke wangu alimleta kutoka kwa mama yake, amemfunga katika khanga, bado mdogo kabisa. Nilinung'unika: "Mama watoto, vinywa vya humu ndani havitoshi?" Yeye alicheka tu.

Wewe mwenyewe wajua maisha ya nyumba yenye mbwa. Mke wangu akienda mtoni, Simba hutangulia. Mahindi yakikomaa, ngedere hawathubutu kukaribia. Mimi nilisema kila siku kwamba mbwa ni mlinzi tu, apewe ukoko akalale nje. Lakini usiku nilitazama kushoto na kulia, nikamtupia kipande cha nyama kutoka bakuli langu. Nilidhani mke wangu hajui. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza!

Jumapili moja baada ya Misa ilitangazwa kwamba Bwana Mifugo atafika shuleni Jumamosi kuchanja mbwa. Mke wangu akasema, "Baba, mpeleke Simba." Nikajibu, "Jumamosi napalilia. Simba ni mzima kuliko mimi." Akaniomba mara ya pili. Jumamosi yenyewe mtoto alikuwa na homa, naye hakuweza kutoka. Nikachukua jembe langu, nikaenda shamba.

Miezi michache ikapita. Siku moja mbwa mgeni akaingia uani, akitoka mate, akapigana na Simba na kumng'ata sikio. Tulimfukuza. Kidonda kikapona, nami sikumwambia mtu.

Baada ya majuma kama matano Simba alibadilika. Alijificha chini ya ghala, akakataa chakula, sauti yake ikakauka. Mke wangu alimhurumia, akampelekea maji. Simba, ambaye hakupata kumtolea meno hata siku moja, alimng'ata mkono.

Msomaji, siwezi kueleza uso wa mke wangu saa ile. Hakulia kwa maumivu. Alisema tu, "Baba, huyu si Simba wetu tena."

Jirani yetu, mwalimu, alituambia tusipoteze wakati. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, tukaenda hospitali siku ile ile. Mganga akauliza nani mwingine aliyelambwa penye kidonda. Mimi nilikuwa na mchubuko wa mpini wa jembe, na Simba alikuwa amenilamba. Basi tukachomwa wote wawili, mkononi, tukarudi kila siku tuliyopangiwa mpaka sindano zikaisha. Simba, aliyekuwa amefungiwa bandani, alikufa siku ya tatu. Tulimfukia shimo refu bila kumgusa kwa mikono mitupu.

Sasa sikiliza vizuri. Kichaa cha mbwa hukaa katika mate, huingia kwa meno au penye kidonda, hupanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kujionyesha, ndiyo maana watu hudanganyika kwamba wamepona. Kikishajionyesha, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya hapo chanjo huokoa. Mwaka 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeng'atwa na mbwa, naye akapona. Tangu hapo dawa imetengenezwa iliyo bora zaidi. Pamoja na hayo, duniani hufa watu kama 59,000 kila mwaka, na miongoni mwao wamo watoto wengi, maana wao ndio wachezao na mbwa.

Basi ukiumwa, osha kwanza, kisha nenda hospitali mara moja. Usitie majivu wala pilipili, wala usingoje kidonda kivimbe. Waambie watoto wasifiche hata mkwaruzo mdogo. Mbwa wako naye achanjwe kila mwaka. Mbwa wengi wa kijiji wakichanjwa, yaani 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa pa kupita, hata asiye na mbwa hupata salama.

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri na Malaika Rafaeli, mbwa wake alifuatana nao. Safari ile ndiyo iliyompatia Tobia mke. Mbwa alikuwa mmoja wa nyumba tangu zamani. Si haki kula ulinzi wake na kumnyima sindano moja.

Nawe mume mwenzangu, mkeo akikuomba jambo mara mbili, weka jembe chini umsikilize. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilinusurika kujenga kaburi.

Leo tunaye mbwa mwingine. Kadi yake ya chanjo mke wangu ameiweka pamoja na kadi za kliniki za watoto. Na nyama nampa mchana, mbele ya watu wote.