Isambaza wa Ziwa Kivu: Asili ya Baharini, Makazi na Suala la Jina katika Sheria za Uvuvi

1. Utangulizi

Jioni, ufukweni mwa Gisenyi wilayani Rubavu, mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu huelekea ziwani. Gizani wavuvi huwasha taa. Samaki wadogo hufuata mwanga, na wavu huinuliwa. Samaki huyo ni Limnothrissa miodon, ambaye Wanyarwanda humwita isambaza; ng'ambo ya mpaka, mjini Goma, huitwa sambaza. Makala haya yanaeleza asili na makazi yake, kisha yanaonyesha kwamba jina lake katika Kiswahili ni suala la sera na wala si la kamusi pekee.

2. Kutoka baharini hadi Kivu

Isambaza ni wa kundi la saladini, ambalo spishi zake nyingi huishi baharini. Tafiti za vinasaba zinaonyesha kuwa mababu wa saladini wa Ziwa Tanganyika waliingia katika maji baridi ya Afrika Magharibi wakitoka baharini, mamilioni ya miaka iliyopita. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa kula viumbe vidogo vielavyo katika maji ya wazi. Ili kuziba pengo hilo, mwishoni mwa miaka ya 1950 utawala wa Kibelgiji ulihamishia humo vifaranga kutoka Tanganyika. Mwaka 1986 mwanasayansi H. J. Dumont alionya juu ya maafa ya kiikolojia. Ni kweli kwamba Daphnia, kiumbe mkubwa miongoni mwa vielea hivyo, alitoweka. Hata hivyo, uvuvi uliotarajiwa kuporomoka umeendelea kuwalisha wakazi wa pande zote mbili.

3. Tabaka la uhai

Kina cha Kivu hufikia takriban mita 485, lakini oksijeni hupatikana katika mita 60 hivi za juu tu, na katika majira ya mvua hupungua zaidi. Chini yake maji yamebeba kabonidayoksaidi na methani kwa wingi. Methani ilianza kuvunwa Rubona, karibu na Gisenyi, mwaka 1963. Mtambo wa KivuWatt wilayani Karongi ulizinduliwa mwaka 2016. Maji yaliyokwisha kutolewa gesi yana virutubishi vingi, hivyo ni lazima yarudishwe kwenye kina. Yakimwagwa karibu na uso wa ziwa, yanaweza kuvuruga tabaka lile lile analoishi isambaza. Kwa hiyo uamuzi wa mhandisi wa gesi ni uamuzi juu ya uvuvi pia.

4. Dagaa yupi?

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ni jambo la busara, basi, kutarajia kanuni za pamoja kwa Kiswahili. Neno lililo karibu ni "dagaa", nalo lina utata. Katika Ziwa Viktoria, dagaa ni Rastrineobola argentea, aitwaye omena nchini Kenya na mukene nchini Uganda. Huyo si wa kundi la saladini kabisa. Tanganyika, neno hilo hujumuisha Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa. Pwani kuna dagaa mchele na dagaa papa. Kanuni itakayotaja tundu la wavu au msimu wa kufunga uvuvi wa "dagaa" itawagusa samaki wenye ukubwa na nyakati tofauti za kuzaana. Rwanda husimamisha uvuvi Kivu kwa takriban miezi miwili kila mwaka. Samaki, kwa upande wao, hawaujui mpaka. Hatua ya upande mmoja hupoteza nguvu upande wa pili usipoielewa vivyo hivyo.

5. Hitimisho

Tunapendekeza "dagaa" libaki jina la jumla, na "isambaza" liwe istilahi mahsusi ya samaki wa Kivu, "sambaza" likitambuliwa kuwa lahaja yake. Jina la kisayansi liandikwe katika kifungu cha fasili cha kila kanuni. Gharama yake ni mstari mmoja wa maandishi. Faida yake ni kwamba mvuvi wa Rubavu na mwenzake wa Goma watasoma sheria moja na kumwona samaki mmoja.