Kwa nini mmea mmoja huvumilia baridi ya Karisimbi na mwingine hufa?

Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa Mbugangari, tazama kaskazini-mashariki. Utaona mlima Karisimbi, wenye urefu wa mita 4,507. Wewe uko kwenye mita 1,500 hivi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.

Karibu na kilele maji huganda usiku, na mchana jua huwa kali. Hata hivyo huko huota lobelia kubwa na dendrosenesio, mimea inayoweza kumpita mtu kwa urefu. Inawezaje?

Jibu liko kwenye jeni, yaani maagizo ambayo mbegu hurithi kutoka kwa mmea mzazi. Maagizo hayo hugusa mambo matatu:

• Umbo. Usiku majani ya dendrosenesio hujikunja na kufunika kichipukizi cha katikati. Majani makavu hubaki kwenye shina kama koti.

• Seli. Barafu hujitengeneza nje ya seli, si ndani, hivyo hazipasuki. Watafiti wa Mlima Kenya waliona majani yaliyoganda usiku yakiyeyuka asubuhi na kuendelea na kazi.

• Usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Baridi hupunguza kasi ya kazi hiyo, lakini jua halipunguzi nguvu yake. Nguvu inayozidi huharibu jani, isipokuwa mmea umerithi uwezo wa kuitoa kama joto.

Hili linakuhusu vipi? Muhogo asili yake ni nchi za joto za Amerika Kusini. Haukurithi kinga ya baridi. Viazi mviringo vilitoka milima ya Andes, ndiyo maana vinastawi Bugeshi na Busasamana. Mmea unaweza kuzoea baridi kidogo, lakini hauwezi kuvuka mpaka uliowekwa na jeni zake.

Kwa hiyo, ikiwa umetoka bonde la Ruzizi na vipande vyako vya muhogo vimedumaa huku juu, usikimbilie kusema udongo ni mbaya au wewe ni mvivu. Muulize jirani mwenyeji anapanda mbegu ya aina gani, na kwenye mwinuko gani. Hata zao moja lina aina zenye jeni tofauti. Jaribu kwanza kwenye tuta moja kabla ya kumaliza mbegu yote.

Tafadhali using'oe mimea ya Hifadhi ya Volkano. Ni marufuku, na mimea ya kilele ilirithi maisha ya baridi. Bustani yako ya chini haitaifaa.