Ruta na Ugawaji wa Anwani za Kompyuta

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotumia mtandao wa kompyuta afisini, skulini au majumbani wanaelezwa hapa namna ruta inavyogawa anwani yenyewe, na mambo ya kuzingatiwa wakati wa kuitayarisha.

Kila kompyuta, printa au simu iliyomo mtandaoni hapana budi iwe na anwani yake, iitwayo anwani ya IP. Katika mitandao mingi ya ndani anwani hiyo ni nambari nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa mfano 192.168.1.25. Ni mithili ya nambari ya sanduku la posta: wakipewa watu wawili sanduku moja, barua za huyu huangukia mikononi mwa yule. Vivyo hivyo, kompyuta ikipewa anwani ya printa, orodha ya mishahara iliyopelekwa kuchapwa huenda isifike.

Hapo awali fundi aliandika anwani kwa mkono katika kila mashine na kuziorodhesha daftarini. Daftari likipotea, au fundi akihamishwa, makosa huanza. Ndipo ukabuniwa utaratibu wa DHCP, ambao kanuni zake zilitolewa mwaka 1993 na kurekebishwa Machi 1997 katika waraka nambari 2131 wa Ralph Droms, wa Chuo Kikuu cha Bucknell, Marekani. Kompyuta ikiwashwa huuliza, ruta huipendekezea anwani, kompyuta huiomba, ruta huithibitisha. Anwani haitolewi moja kwa moja, bali hukodishwa kwa muda, na nusu ya muda ikipita kompyuta huomba kuongezewa.

Mwenye kutayarisha ruta afuate hatua hizi:

(a) Aandike katika kivinjari anwani ya ruta, ambayo aghalabu imebandikwa chini yake, kisha abadilishe neno la siri la kiwandani.

(b) Katika sehemu ya mtandao wa ndani, awashe DHCP na kuweka mwanzo na mwisho wa fungu la kugawiwa. Kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199 ni anwani 100.

(c) Printa na mashine za kuhifadhia majalada zipewe anwani za kudumu nje ya fungu hilo, kwa mfano 192.168.1.10.

(d) Muda wa kukodisha uwe saa 24 kwa afisi ya kawaida. Pahala penye wageni wengi, kama maktaba, saa chache zinatosha, ili anwani za walioondoka zirejee mapema.

(e) Ahifadhi mabadiliko, kisha azime na kuwasha kompyuta moja kwa majaribio.

Inasisitizwa kuwa katika mtandao mmoja mgawaji awe mmoja. Mtumishi akileta ruta yake kutoka nyumbani na kuichomeka ukutani, nayo itaanza kugawa anwani, na baadhi ya kompyuta za afisi zitapoteza njia ya intaneti na ya printa bila ya kujulikana sababu. Yafaa asichomeke kitu kabla ya kumuuliza mwenye dhamana ya mtandao.

Kompyuta ikionesha anwani inayoanzia 169.254, aghalabu maana yake ni kuwa iliuliza na haikujibiwa. Kwanza ukaguliwe waya, kisha ruta, ndipo aitwe fundi.