Umefunga Nini katika Kifundo Chako?



Ukifungua sanduku la mama mmoja wa Kpandroma, utaona nini? Chini kabisa, chini ya vitenge vya siku ya Bwana, pana kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. Labda mna nywele za kwanza za mtoto. Labda mna kofia ya sufu aliyovaa siku alipotoka materniti, maana baridi ya milima yetu ni kali. Na mara nyingine mna kitu kikavu, cheusi, kidogo kama haragi. Hicho ni kipande cha kitovu. Mtoto mwenyewe sasa ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini mama hataki kukitupa.

Usimcheke mama huyu. Mahali pengi katika Afrika ya Mashariki watu huzika kitovu karibu na nyumba, na mtu akitaka kuonyesha kwao husema, “Hapa ndipo kilipozikwa kitovu changu.” Huko Uganda, Waganda wa zamani walikikausha na kukitunza, wakakiita mulongo, maana yake pacha. Kitovu cha mfalme wao kilipambwa kwa shanga, na mkuu mmoja, jina la kazi yake Kimbugwe, alikuwa mlinzi wake.

Je, kutunza ukumbusho ni vibaya? Hapana. Musa alimwagiza Haruni aweke mana katika chombo, ili wajukuu waone jinsi Mungu alivyowalisha baba zao. Lakini kumbuka pia nyoka ya shaba. Musa aliifanya kwa amri ya Mungu, na watu wakapona. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kuifukizia uvumba, na mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande. (Soma Kutoka 16 na 2 Wafalme 18.) Shaba ilikuwa ile ile. Mioyo ya watu ndiyo iliyogeuka.

Basi ujiulize: kitovu hiki ni ukumbusho tu, ama ni mlinzi wangu? Mama mwingine hukishona katika ngozi na kumfunga mtoto shingoni, ili wachawi wasimpate. Kamba ile yaweza kumkaba mtoto usiku, na haiwezi kumfukuza adui hata mmoja. Waganda wa zamani walikitia kitovu katika chombo chenye maji. Kikielea, walisema mtoto ni wa ukoo. Kikizama, mama alihesabiwa kuwa mzinzi. Angalia! Kipande cha nyama kavu kilifanywa hakimu wa mama na mtoto.

Tena kuna wanaoogopa kwamba kitovu kikianguka juu ya sehemu za siri za mtoto, atakuwa tasa. Mama, usiogope. Kitovu kikikauka hakina uhai tena. Kikianguka po pote, hakimdhuru mtoto.

Hatari ya kweli huja kabla hakijaanguka. Wengine hutaka kianguke upesi, nao hukipaka majivu, udongo, au mavi ya ng'ombe. Katika uchafu huo hukaa vijidudu vya pepopunda, yaani tetanosi. Mtoto huzaliwa vizuri, hulia na kunyonya siku mbili za kwanza. Halafu hushindwa kunyonya. Taya hukaza, mwili hukakamaa kama mti, na akiguswa hushtuka-shtuka. Wengi hufa, hata wakifika hospitali. Mama hubaki na kile kitovu katika kifundo, na mtoto hayupo.

Kwa hiyo shika mambo haya:

1. Mama mwenye mimba apate sindano za tetanosi. Kama hajapata hata moja, apewe mbili, na kati yake zipite juma 4 au zaidi. Ya pili itangulie kuzaa kwa juma 2 au zaidi.

2. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya na kufungwa kwa uzi safi. Anayekishika anawe mikono kwa sabuni.

3. Usipake kitu cho chote ila dawa uliyopewa na muuguzi. Kiache wazi kikauke, juu ya nepi. Usikivute. Kwa kawaida huanguka chenyewe kabla ya juma 2 au 3 kupita.

4. Ukiona usaha, harufu mbaya, wekundu kuzunguka kitovu, au mtoto hanyonyi, usingoje kesho. Njoo hospitali.

Sasa neno moja la mwisho. Vita vilipowaka tena katika Djugu, Desemba 2017, watu wengi walikimbia usiku. Mama mmoja alifika na mtoto mgongoni na kifundo kiunoni. Alipokifungua, tuliona kitovu kikavu na karte ya mtoto, imekunjwa mara nne. Kitovu hakikutuambia neno. Lakini karte ilitueleza siku ya kuzaliwa, kilo zake, na kwamba chanjo ya surua ilikuwa bado. Tukamchanja siku ile ile.

Karte ni ukumbusho bora kupita nywele na meno. Iweke katika mfuko wa plastiki, isilowe. Pamoja nayo weka karatasi ya kuzaliwa, na mtoto aandikishwe kwa Leta kabla siku 90 hazijapita. Kama karte yako ilipotea njiani, usione haya, wala usikae nyumbani. Njoo tuandike nyingine. Chanjo ikirudiwa haitamdhuru mtoto.

Mama, Mariamu hakuwa na sanduku. Aliyatunza mambo ya mwanawe moyoni. Tunza ya moyoni, na karte uifunge katika kifundo. Naye mtoto mwenyewe umweke katika mikono ya Bwana, asiyesinzia.