Kumlilia Mzazi Mliyekuwa Hamsemezani

Barack Obama Mkubwa alifariki kwa ajali ya gari jijini Nairobi tarehe 24 Novemba 1982, siku moja kabla ya Wamarekani kuketi mezani kwa Sikukuu ya Shukrani. Mwanawe Barack, rais wa baadaye wa Marekani, wakati huo kijana wa miaka 21 aliyekuwa akisoma New York, alipata habari kwa simu. Katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1995 anakiri kwamba hakuona uchungu. Baba huyo aliondoka yeye akiwa bado mdogo mno, akarudi kumwona Honolulu mara moja tu, kwa mwezi mmoja hivi, wakati wa Krismasi ya 1971.

Machozi yalichelewa. Yalimtoka kwanza usingizini, mwaka mmoja baadaye, alipoota amemkuta baba yake gerezani. Kisha dada yake wa kwa baba, Auma, alimtembelea Chicago na kumsimulia asiyoyajua: mzee aliyekosana na wakubwa serikalini, akapoteza kazi, akazama katika pombe na ufukara. Auma naye alikuwa na donda lake kwa mzee huyohuyo. Kabla ya kwenda Harvard kusomea sheria, Obama alifika Kogelo, kijijini kwa baba yake nchini Kenya, akaketi kati ya kaburi la baba na la babu, akalia. Wa kupatana naye hakuwepo tena. Ila sasa alikuwa na mtu kamili wa kumlilia, mwenye makosa na masaibu yake.

Msiba wa namna hii una ugumu wake. Mfiwa halilii marehemu peke yake; analilia pia siku ya kupatana, ambayo sasa haitafika. Huzuni huja na hasira, pengine hata na nafuu, kisha mtu akajilaumu kwa kuona nafuu.

Na pole hazifiki. "Kwani si mlikuwa hamsemezani?" watu huuliza. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiitambui na hivyo haiipi nafasi ya kuombolezwa. Wanaoweza kuangukia humo si wachache: utafiti wa Karl Pillemer wa Chuo Kikuu cha Cornell, uliotolewa mwaka 2020, ulikuta asilimia 27 ya Wamarekani watu wazima wamekata uhusiano na ndugu fulani wa familia.

Desemba huzidisha huzuni hii. Huko New York jua huzama kama saa kumi na nusu jioni, na kila dirisha lina taa za familia zilizokusanyika. Ndiyo maana baadhi ya makanisa ya Marekani na Kanada hufanya ibada ya wenye majonzi, mara nyingi karibu na tarehe 21, usiku mrefu kuliko yote mwakani huko. Huwa na mishumaa, nyimbo za taratibu na kimya kirefu. Anayekuja halazimiki kueleza alizungumza lini na marehemu mara ya mwisho.

Wengine huandika barua isiyo na pa kutumwa, au humpigia shangazi kumuuliza marehemu alikuwaje ujanani. Hilo la shangazi lisingojewe, maana wanaokumbuka nao wanazeeka. Lakini aliyepigwa na kudhalilishwa na mzazi asisukumwe kusamehe ili sikukuu ipendeze. Akitaka kula Krismasi kwa marafiki mwaka huu, na kulia akiwa hukohuko, wenyeji wake wamwache alie.