Fuksia: Maua ya Sehemu za Baridi

Ndugu wanakikundi, mara nyingi akina mama hutuuliza ni maua gani waongeze kwenye nasari yao, kando ya mukima na miparachichi. Kwa walio Tetu, Othaya na Mathira ya juu, jaribuni fuksia. Ni kile kichaka chenye maua yanayoning'inia kama vipuli, nje mekundu au ya waridi, ndani zambarau au meupe.

Asili ya fuksia nyingi ni milima ya Amerika ya Kati na ya Kusini, penye ukungu na mvua. Jina lilitokana na Leonhart Fuchs, daktari Mjerumani aliyefariki mwaka 1566. Basi baridi yetu inaifaa, bali jua kali haiwezi. Mteja wa kutoka Nairobi aambiwe ukweli: aiweke penye kivuli, ipate jua la asubuhi tu. La sivyo maua yatapukutika, naye atasema mlimuuzia mche mgonjwa.

Sasa tafadhali, msitoe pesa za kikundi kununua miche ishirini! Mmoja wenye afya unatosha. Kata ncha changa zisizo na maua, urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya chini, panda kwenye mkebe uliotobolewa, wenye mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni au mboji. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu lakini maji yasisimame. Baada ya wiki tatu au nne mizizi itatoka. Mwezi wa Julai huchelewa. Mche ukisimama vizuri, nyofoa ncha ili utoe matawi. Maua yatakawia, lakini kichaka kitajaa, na mnunuzi hununua kwa macho. Kila mara geuza majani utazame nzi weupe.

Wengine hupanda lantana kwa sababu haihitaji kazi. Hiyo nayo ililetwa kama pambo, ikatoroka hadi malishoni, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Fuksia haina sumu hiyo. Hata hivyo si fensi. Mbuzi atapita katikati. Na matawi mnayokata msiyatupe mtoni wala kando ya msitu, kwani kisiwani Réunion aina moja ya fuksia imekuwa magugu.

Kwa vikundi vya Kieni, ambako maji ya kunywa yenyewe ni shida, mimi singeshauri fuksia. Huko afadhali mishubiri.