Ukarabati wa Nyumba Kongwe Uanze na Majina

Miaka mitatu iliyopita jamaa zangu walinikabidhi kazi ya kusimamia ukarabati wa nyumba tuliyorithi kwa babu katika mji wa kale wa Lamu. Walidhani kwamba mtu mwenye shahada ya uzamifu hadanganywi na mafundi. Waama, hakuna fundi aliyenidanganya. Nilijidanganya mwenyewe.

Nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Aingiaye hupita dakani penye mabaraza ya mawe, kisha tekani, ndipo atokeze kiwandani, uani palipo wazi juu. Kutoka hapo vyumba hufuatana kuelekea nyuma: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na hatimaye nyumba kati. Sakafu nayo hupanda kidogo kidogo, hata mgeni akatambua bila ya kuambiwa kuwa anakaribia pasipo pake. Ndani ndimo mlimo zidaka, safu za vishubaka vya lipu iliyochongwa, ambamo wazee walipanga sahani zao za kauri. (Msomaji asidhani kuwa "tini", "yuu" na "zidaka" ni makosa ya mpiga chapa. Hicho ni Kiamu, nami sina idhini ya kukisahihisha.)

Ndugu yangu mdogo alipendekeza tuangushe kuta za misana yote miwili ili tupate ukumbi mmoja mpana, kwa kuwa wapangaji wa siku hizi hawapendi vyumba vyembamba. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nyumba isiyoingiza fedha haitengenezwi, na isiyotengenezwa huanguka. Lakini wembamba ule una sababu yake. Dari ya mawe na chokaa ni nzito mno, na boriti za mikoko zinazoibeba haziwezi kuvuka nafasi inayozidi takriban mita 3. Atakaye ukumbi mpana hana budi kuziondoa boriti, amwage zege, na zege nayo idai nguzo. Mwisho wake atakuwa amejenga nyumba nyingine ndani ya gamba la ile ya zamani.

Hayo niliyasema kwa kujiamini sana barazani. Kumbe nami nilikuwa nimekwisha kuharibu. Ili kuokoa fedha na muda nilikubali ukuta wa ndani, chini ya zidaka, upakwe lipu ya saruji badala ya kungoja chokaa ikomae. Jiwe la matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na mna chumvi ndani yake. Chokaa huuacha unyevu utoke taratibu, saruji huufungia. Ulipokosa njia ukapanda, na masika ya pili yalipokwisha safu mbili za chini za zidaka zilikuwa zimebanduka. Fundi mzee aliyekuwa amenionya alikuja, akatazama, asiseme neno. Afadhali angenikaripia.

Katika mjadala wetu shangazi hakutaja kwamba UNESCO iliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Aliuliza tu: "Mkishabomoa misana, wanangu, hawa wajukuu mtawaonyesha wapi mahali bibi yao alipoolewa?" Watoto wa ndugu yangu walikuwapo. Hakuna aliyejua msana ni nini. Mmoja alijibu, "Sebuleni."

Jibu hilo limenishughulisha kuliko saruji. Sabule ya Lamu ni chumba cha mgeni, kilichotengwa makusudi ili mgeni alale na kula bila ya kupita katika faragha ya wenye nyumba. Katika Kiswahili cha leo sebule ni pale aila nzima inapokaa kutazama televisheni. Neno lingalipo, ila utaratibu wa maisha uliolizaa umeondoka, na mtoto hana namna ya kujua kuwa kuna kilichoondoka. Msana hauna hata bahati hiyo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu walio Lamu, na kokote kwenye majengo ya kale, wawapeleke wanafunzi majumbani na daftari kabla mafundi hawajafika. Wachore ramani ya nyumba, waandike jina la kila mahali kama litamkwavyo na mkongwe wa nyumba hiyo, na waulize kilichokuwa kikifanyika hapo. Mwenye nyumba naye ashike karatasi hiyo anapopatana na mwashi.

Sisi tuliafikiana hivi: misana ibaki, choo cha kisasa kijengwe pembeni mwa kiwanda, nyaya za umeme zipite juu ya kuta bila ya kuzichimba. Saruji yangu imekwisha kung'olewa, kwa gharama kubwa kuliko ile ya kuipaka. Chokaa imo shimoni, inalowa. Kila Ijumaa ndugu yangu hunipigia simu kuuliza kama imeiva, nami humjibu kuwa fundi mzee bado.